Nilipelekea baba ya mchumba wangu anime ya fisi maji, nikidhani naenda kumfunza maana ya utu

Wakuu, niaje. Mlio kazini mkijifanya mko busy, na mlio nyumbani mkingojea maji ichemke, wote nawasalimu.

Nitakayoandika hapa ni ukweli mtupu. Ushahidi wangu ni mmoja: hakuna mtu na akili zake anaweza kujitungia aibu kama hii.

Jana kuna mkuu aliuliza tumpendekezee anime, hizi katuni za Kijapani, ya kufikirisha. Zile za viumbe ambao si watu, lakini ukimaliza kuangalia unabaki umekaa kwa kiti ukijiuliza, na mimi je, mimi ni mtu kweli? Nilianza kumjibu pale pale. Jibu likawa refu kuliko swali, nikaona nifungue uzi wangu.

Kwanza mnijue.

Mimi naishi Ruiru. Nauza na kufunga madirisha ya aluminium kwa hizi nyumba mpya zinazomea kila mahali. Mchana mimi ni mtu wa vioo na silicone. Nikitoka kazini, naambia watu mimi ni mwanafalsafa.

Sina karatasi ya falsafa. Nina flash.

Kuna jamaa hapa Ruiru ana movie shop, unampelekea flash anakujazia series. Yeye huwa hajali majina ya kweli. Anaandika folder vile anavyoona picha ya kwanza. Kwa hivyo wakuu msiniulize title, mimi mwenyewe najua tu "KATUNI YA ROBOT MREFU" na "KATUNI YA MSICHANA MTI." Hiyo ndiyo library yangu.

Lakini mnawajua watu wa aina yangu. Nikiona robot analia, mimi sitoki hapo bila hotuba. Siku moja kwa birthday ya workmate nilimshika dada aliyekuwa anakata keki, nikamweleza swali la kama mashine inayokumbuka siku yako ya kuzaliwa inakupenda ama inakumbuka tu. Nilieleza vizuri sana. Nilikatiwa kipande cha mwisho, kile chenye hakina icing.

Mchumba wangu anaitwa Muthoni. Anafanya kazi kwa chemist huko mtaa wa Kahawa Sukari, na ni mtu wa kuvumilia wagonjwa, ndio maana akanivumilia. Kuna siku aliniambia, "Wewe unapenda sana kuongea juu ya binadamu. Sasa mbona hupendi kuongea nao?"

Nilicheka. Nilidhani ni sifa.

Sasa tuingie kwa maneno.

Muthoni alisema kabla sijapeleka wazee wangu kwao, anipeleke mwenyewe nionwe na baba yake. Si mambo rasmi, ni chai tu. Mzee Gitau anaishi Thika, Makongeni. Alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na sasa anaishi na dada yake, ambaye tunaita Tata. Mke wake, mama ya Muthoni, alifariki mwaka juzi.

Hiyo sentensi ya mwisho muisome tena. Mimi nilikuwa naijua. Hata nilikuwa kwa mazishi, nyuma kabisa, nimebeba viti. Ishikeni vizuri kwa sababu mimi niliiacha Ruiru.

Siku hiyo ya chai, Muthoni alinipa masharti tukiwa bado barabarani. Usiongee sana. Usikatae chakula. Na tafadhali, tafadhali, usitaje katuni.

Tukafika, tukasalimiana, tukakaa. Mzee ni mtu mnyamavu. Anakuangalia kama bolt anayojaribu kujua size yake. TV ilikuwa inaongea peke yake.

"Wewe kijana," akasema, "unafuata mpira?"

"Hapana, Baba."

"Siasa?"

"Si sana, Baba."

Akakunywa chai. Niliona interview inakufa.

"Sasa ukitoka kazi unafanya nini?"

Muthoni alinikanyaga mguu. Lakini mimi ni mtu wa ukweli. Nikasema, "Huwa naangalia anime."

"Animo?" Mzee aliweka kikombe chini. Uso ukafunguka mara moja. "Hata mimi napenda animo! Hiyo ya juzi ya simba na nyati, uliiona?"

Wakuu, hapo ndipo mwanaume angesema, hapana Baba, si animal, nilimaanisha katuni. Mwanaume. Mimi nilisema, "Hiyo ilikuwa moto sana, Baba."

"Basi ukija tena uniletee animo nzuri," akasema. "Hapa wanarudia zile zile."

Nikasema nitaleta.

Kurudi Ruiru nilikaa na flash yangu nikatafakari. Mtu wa kawaida angetafuta documentary ya chui. Lakini kichwa changu kikaniambia, hii ni nafasi. Mpe mzee kitu cha maana. Umfungue akili. Atajua binti yake amepata mtu wa kina.

Na kulikuwa na folder imeandikwa "KATUNI YA FISI MAJI."

Hii ndiyo pendekezo langu la kwanza kwenu, kwa hivyo nieleze bila kuharibu sana. Kuna mzee fundi wa mbao, kijiji kiko kando ya mto. Mafuriko yanabeba mke wake. Sasa huko mtoni kuna fisi maji, yule mnyama wa majini anayekula samaki, ambaye huyo mama alikuwa anamtupia makombo. Baridi ikija, njaa ikizidi, huyo fisi maji anavaa sura ya mama na kuja kubisha mlango. Hajui kuwa mtu ni nini. Anajifunza moja moja: mbona watu wanaulizana habari na wanaonana, mbona mtu anamwekea kikombe mwenzake ambaye bado hajafika.

Mimi niliiangalia nikalia, nikaandika status ndefu juu ya nafsi na umbo.

Na si kuna mnyama? Fisi maji ni mnyama. Hata Muthoni akiniuliza kwa simu, "Umepata ya wanyama?" nilimjibu, "Nimepata." Hakuna mahali nilidanganya.

Jumapili ikafika. Sebule Makongeni, mimi nimeweka flash kwa TV, Mzee amekaa mbele, Muthoni kando yangu, Tata na sinia ya njugu.

Picha ikaanza. Tata akasema, "Haiya, ni za watoto?"

Muthoni akanigeukia polepole.

"Ni ya wanyama," nikasema. "Imechorwa."

Lakini mzee alikuwa amefurahi. Fisi maji alipotokea majini, aligonga goti. "Huyu namjua! Tukiwa wadogo kule Ngoliba, mto Athi, alikuwa anatuibia samaki kwa ndoano! Angalia mkia. Wamechora vizuri."

Macho yake hayasomi maandishi madogo, kwa hivyo nikajitolea kusoma subtitles kwa sauti. Kwa Kiswahili. Wakuu, sikusoma tu. Nilifanya sauti. Sauti ya fundi nzito, sauti ya mama nyembamba, na fisi maji nikampa sauti fulani ya puani ambayo mpaka leo Muthoni akitaka kuniumiza ananiigizia.

Na nilikuwa nasimamisha! Kila mahali pa maana napause, nasimama kando ya TV kama mwalimu wa CRE, lile somo la dini.

"Sasa hapa, Baba, swali ni hili. Kama kiumbe kinaweza kuiga mtu kabisa..."

"Wacha isonge," mzee akasema.

Ikasonga. Ikafika usiku wa mvua kwa hiyo hadithi, mlango ukabishwa, fundi akafungua. Mke wake amesimama hapo, maji inamtiririka kwa nywele. Akaingia, akaenda moja kwa moja jikoni, akachukua leso iliyokuwa imetundikwa kwa msumari, akajifunga.

Mimi niko hapo kando ya TV, "Fundi, nimerudi," na sauti yangu nyembamba.

Nikaona njugu za Tata zimesimama katikati ya sinia na mdomo.

Mzee alisimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Zima hiyo," akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama huko kwa kuku.

Tata akasema, "Ashindwe!" Sikujua ni fisi maji ama ni mimi.

Muthoni alikuwa na machozi na hasira, zote mara moja. "Ulisema ni wanyama."

"Si fisi maji ni..."

"Mum tumemzika mwaka juzi tu. Na wewe unaleta mama anabisha mlango akitoka kwa wafu. Na unamfanyia sauti!"

Wakuu, nilikuwa nimeiangalia hiyo kitu mara nyingi. Nilikuwa nimeandika juu ya umbo, nafsi, kumbukumbu, uigaji. Haikuwa imenijia hata mara moja kwamba ni hadithi ya mtu aliyefiwa na mke wake. Niliiona kwa uso wa Muthoni, mara ya kwanza, nimeshika remote.

Nilienda nikasema "Baba, samahani" kwa mgongo wake. Aliinua mkono tu, bila kugeuka. Nikaondoka Thika nikiwa mdogo kuliko zile njugu.

Muthoni alibaki. Wiki hiyo message zangu zilisomwa na hazikujibiwa. Nilituma samahani fupi, nikatuma samahani ndefu, nikatuma moja yenye ilikuwa na hoja. Hiyo yenye ilikuwa na hoja ndiyo iliniblockisha.

Baba Mdogo wangu, ambaye ndiye angeongoza wazee kwenda kwao, akanipigia. "Nasikia Thika wamesema tungoje kidogo. Ulifanya nini huko?"

"Nilionyesha mzee film."

"Chafu?"

"Hapana, Baba Mdogo. Ya fisi maji."

"Ingekuwa chafu ningejua pa kuanzia kuomba msamaha," akasema, akakata.

Sikula vizuri hizo siku. Kazini nilikata kioo size mbaya nikabaki nimeshika kipande nikijiona ndani yake. Mwanafalsafa wa Ruiru.

Halafu simu ikalia. Mzee Gitau mwenyewe.

"Kijana. Kuja Jumamosi. Kuja peke yako."

Nilivaa shati ile ya mazishi. Nilifikiria ni ya heshima, pia nilifikiria ni mazishi yangu. Njiani nilijiandalia maneno: Baba, nimekosa, sina la kujitetea, binti yako ni mtu mzuri, nitarudisha kila kitu. Kurudisha nini, sijui. Nilikuwa naongeza tu.

Kufika, Tata hayuko, ameenda kwa mkutano wa kanisa. Mzee ako sebuleni, miwani mbili: moja kwa macho, ingine kwa paji. Na kwa TV, fisi maji amesimama.

Flash yangu. Nilikuwa nimeiacha pale nyuma ya TV.

"Kaa," akasema. "Nimeiangalia yote. Imenitatiza."

"Baba, mimi nimekosa..."

"Hiyo baadaye. Sasa niambie. Yule mwanamke mwingine, ni dada ya marehemu, ama?"

Sikuelewa. Polepole ndio nikajua. Mzee alikuwa ameiangalia mpaka mwisho, tena na tena, bila kusoma neno hata moja. Kijapani chenyewe ndicho kilikuwa kinamsemea. Alikuwa amejitengenezea hadithi yake. Kwa hadithi ya Mzee Gitau, huyo mama ni pacha wa marehemu, amekuja kunyakua shamba. Na fundi akionekana amenyamaza ameshika shavu, ni kwa sababu ya jino.

"Nikasema, huyu mtu si aende kwa daktari," akaniambia, uso mkavu kabisa.

Wakuu, nilitaka kucheka na nilikuwa naogopa. Nikauma shavu langu mwenyewe.

"Soma," akasema. "Anzia pale anaingia. Soma tu, usinifundishe."

Nikasoma. Safari hii bila sauti za puani. Nilisoma vile mtu anasomea mwenzake barua. Mzee alikuwa anainua mkono nirudie mahali, kisha anatikisa kichwa, isonge.

Tukafika pale fundi anamwekea huyo kiumbe kikombe. Mzee akasema, akiangalia TV, si mimi:

"Unajua kwa nini nilitoka nje ile siku?"

"Nilikukosea, Baba."

"Hapana. Nilifurahi." Akavua miwani ya macho, akavaa ile ya paji, akaivua pia. "Mlango ulipofunguka, nilijua ni katuni, mimi si mjinga. Lakini kifua changu kikafurahi, kikasema, ndiye huyo. Na msichana wangu amekaa hapo. Nikaona aibu."

Mimi, wakuu, ambaye nina maneno ya kumwagia mtu kwenye keki, nilitafuta neno. Nilipata moja tu, na kwa ujinga wangu nikalitoa: "Hapo sasa, Baba, ndio inaleta swali kama upendo ni..."

"Soma," akasema.

Nikasoma.

Huko mwisho, na hapa wale hawataki kuharibiwa waruke mistari kidogo, fisi maji anakubali kuwa yeye si mama. Anauliza fundi, ulijua lini? Fundi anamwambia, siku ile ile. Mke wangu angeingia akinigombanisha juu ya matope. Wewe uliingia kimya.

Fisi maji anauliza, sasa mbona hukunifukuza?

Nikasoma jibu la fundi: "Ulikuwa na baridi."

Kuku walikuwa wanafanya kelele yao huko nyuma. Mzee akasema, "Mimi kwanza ningempa taulo. Huyu fundi amemwacha na nywele mbichi. Nyambura angenichinja."

Akacheka. Ilianza ndogo, ikawa kubwa, ikawa ingine ambayo si kicheko. Nilimwekea mkono begani bila kuelewa kama inaruhusiwa, akaniachia. Hapo akaanza kusema juu ya marehemu mke wake. Vile Nyambura alikuwa anazima redio news ikianza tu, kwa sababu ndio wakati amekumbuka jambo la kusema. Vile alikuwa anagombanisha kuku kama supervisor, kila mmoja na kesi yake. Vile hospitalini alimkataza kuvaa ile sweta ya kijani kwa mazishi, na yeye akaivaa makusudi, apate wa kumgombanisha. Na hakuna aliyemgombanisha.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilipoinua macho Muthoni alikuwa amesimama mlangoni na shopping ya baba yake, mfuko wa maziwa umeanza kutoa jasho. Hakuwa anajua nimeitwa.

Nilisimama haraka, "Muthoni, naweza kueleza..."

"Nyamaza kwanza," akaniambia. Alikuwa anaangalia baba yake. Baadaye ndio aliniambia: tangu mazishi, mzee hakuwa ametaja hilo jina. Alikuwa anasema "mama yenu" tu, tena kwa shida. Walikuwa wanaogopa kumuuliza, na yeye anaogopa kuwaumiza, nyumba nzima inatembea kwa vidole.

Mzee akamwambia, "Kuja ukae. Huyu anasoma vizuri akiwachana na mambo yake."

Muthoni akakaa katikati yetu. "Nimekusamehe nusu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ile nusu ingine ni ya sauti ya puani."

Tukarudisha mwanzo.

Wazee wangu walienda Thika mwezi uliofuata na walipokelewa vizuri. Baba Mdogo bado hajui film ilikuwa na nini na ameniomba nisimweleze.

Sasa mapendekezo, kwa yule mkuu aliyeuliza. Hiyo ya fisi maji ni ya kwanza. Ya pili ni "KATUNI YA ROBOT MREFU": robot mlinzi anabaki peke yake kwa mji uliohamwa, anaendelea kusalimia milango. Nilimwonyesha mzee, na yeye alisumbuliwa na jambo moja tu, nani anamtia grisi, maana hayo magoti hayawezi kwenda miaka hivyo. Mimi nilikuwa nalia, yeye anakadiria bearing. Ya msichana mti bado sijamaliza. Muthoni anasema tuangalie pamoja, na kwamba nikigusa pause anarudi Kahawa Sukari.

Funzo langu ni hili. Ukitaka kumpendekezea mtu anime ya kumfikirisha, mfikirie yeye kwanza. Jua amezika nani. Jua nyumbani kwake hakutajwi nini. Na ukimaliza kumwekea, kaa chini kama watu wengine.

Kabla ya kuenda Thika nilikuwa najua kabisa kinachotufanya binadamu, na ningekueleza ukiwa umebeba mizigo. Sai ukiniuliza nitakuambia sijui, halafu nitakuuliza kama umekula.

Leteni zenu, na zile za kuliza pia. Mtakaonitukana mtumie lugha ya heshima, kwa sababu mzee amenunua simu kubwa na jana alikuwa ananiuliza mtu hujiunga aje na hii forum.